Gari-nyumba linatetemeka mbele ukifika kilomita 90: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Malalamiko haya huja karibu kwa maneno yaleyale. Gari limetulia mjini, kona linakata vizuri, breki zinashika. Ukiingia barabara kuu na sindano ikagusa 85 au 90, usukani unaanza kucheza mikononi, sahani zinagongana kabatini, na aliyekaa pembeni anakutazama bila kusema kitu. Ukisukuma hadi 110 pengine linatulia tena. Wiki inayofuata mwenye gari ameshanunua shokomzoba mbili na dampa ya stelingi (kishokomzoba kidogo kinachotuliza usukani), kazifunga, katoka barabarani, na mtetemo upo palepale.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayokutwa mara nyingi kwenda ile ya nadra, na ukaguzi unaanzia ule wa bure. Yanahusu magari yote yenye kitanda na jiko ndani, kuanzia van kama Fiat Ducato na Mercedes-Benz Sprinter hadi yale makubwa kama basi yaliyojengwa juu ya chasi ya Ford F-53. Yanapotofautiana nitasema.

## Kabla ya spana, jua unatetemeka lini

Mtetemo una ratiba yake. Toka na gari, mtu mwingine akae na karatasi, na aandike: unaanza mwendo gani na kuisha mwendo gani, unausikia kwenye usukani au kwenye kiti na sakafu, ukikanyaga mafuta unazidi au unapungua, na je, upo tangu mnaondoka au umekuja baada ya nusu saa. Kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, ukiwa kwenye mwendo wa mtetemo, weka gia huru kwa sekunde chache (usizime injini kamwe, utapoteza nguvu ya stelingi na ya breki). Ukiendelea kutetemeka vilevile, injini haina hatia.

Kuna na hesabu ndogo inayookoa pesa nyingi. Tairi la 225/70R19.5, ambalo magari mengi makubwa ya aina hii hulivaa, lina mzingo wa kama mita 2.5. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 10 kwa sekunde. Tairi la 225/75R16 la van linazunguka karibu mara 11. Propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huzunguka mara nne au tano zaidi ya hapo, yaani mara 40 hadi 50 na ushee. Simu nyingi za leo zina kihisi cha mwendo, na zipo programu za bure zinazoonyesha mtetemo ni mara ngapi kwa sekunde. Iweke simu juu ya dashibodi, ifunge isiteleze, na msaidizi asome. Namba ikiwa 10 au 11, kitu kinachozunguka pamoja na tairi ndicho kinacholeta shida. Ikiwa 45, acha kabisa kugusa tairi za mbele, nenda kwenye sehemu ya propela huko chini.

Bila simu, mwili unajua. Mtetemo wa tairi unaweza karibu kuuhesabu, mikono inarushwa. Ule wa propela ni mvumo, unausikia kwenye makalio na nyayo kama umekalia friji kuukuu.

## Usukani unatetemeka kati ya 80 na 110, kisha unapungua

Hii ndiyo dalili mama. Ukipewa gari na hujui lolote jingine kulihusu, weka dau lako kwenye tairi na rimu. Sababu, kwa mfuatano wa kawaida: balansi (mgawanyo sawa wa uzito kuzunguka gurudumu) imeharibika, rimu haijakaa katikati ya habu (kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa), tairi lenyewe si duara tena, upepo hauendani na uzito, na mwisho kabisa, jointi au beringi iliyolegea inayoukuza mtetemo mdogo uliokuwepo.

Kwa nini mwendo ule tu? Chukua gramu 100 za tofauti kwenye ukingo wa rimu, sentimita 25 kutoka katikati. Kwa kilomita 45 zinavuta kama uzito wa kilo 2.5. Kwa kilomita 90 zinavuta kama kilo 10, mara kumi kila sekunde, mara juu mara chini. Nguvu inakua kwa mraba wa mwendo. Halafu magurudumu ya mbele na stelingi yake yana mapigo yao ya asili, kama bembea, na mapigo hayo mara nyingi yako palepale kwenye 10 hadi 15 kwa sekunde. Mwendo ukiyafikia, yanaitikia. Ukiyapita, yanaacha. Kwa hiyo kutulia kwa gari kwenye 110 hakumaanishi limepona.

Anza na mambo yasiyohitaji jeki.

Pima upepo tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya mzigo wa juu kabisa ambao tairi linabeba. Si lazima iwe ndiyo ya gari lako. Upepo sahihi unatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi ukishajua uzito wa kila ekseli, na uzito huo upimwe gari likiwa na maji, mafuta, watu na mizigo ya safari, si likiwa tupu. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakuwa gumu kama ngoma na kupitisha kila kitu kwenye usukani. Lililopungua ni hatari zaidi, maana linachemka ndani. Usitoe upepo kwenye tairi lililopata moto barabarani. Upepo wa tairi la moto hupanda, na hiyo ni kawaida.

Toa makava ya rimu. Yale ya chuma cha pua yanayong'aa, yanayofunika rimu ya kawaida, yakikaa upande kidogo yanatosha kabisa kuharibu balansi. Endesha bila hayo. Nimeona mtu akimaliza tatizo la mwaka mzima kwa bisibisi na dakika kumi.

Tazama rimu ndani na nje. Ukiona kipande kisafi cha mstatili katikati ya vumbi, hapo palikuwa na risasi ya balansi nayo imeng'oka. Tope lililokauka upande wa ndani, ambao ukiosha gari huufikii, ni uzito uleule wa gramu 100 tuliousema. Na kama uliwahi kumimina dawa ya pancha ndani ya tairi, hiyo ni majimaji yanayotembea. Hakuna mashine itakayolibalansi tairi hilo mpaka lisafishwe ndani.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kwanza kukatiza upana wake kwenda na kurudi, kisha kufuata mzunguko wake, polepole. Tairi zima linateleza sawa pande zote. Ukikatiza likakukwaruza kiganja kikielekea upande mmoja tu, kama meno ya msumeno, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) imekaa vibaya. Ukikuta mabonde na vilima kila baada ya sentimita chache, tairi limekuwa likirukaruka: shokomzoba zimekufa au limezungushwa muda mrefu bila balansi. Tairi lililokwisha kulika hivyo halinyooki hata ukiondoa sababu. Ni la kubadilisha.

Sasa jeki, na hapa nataka usome polepole. Zile jeki za kusawazisha gari kambini hazikutengenezwa kwa ajili ya kuinua gurudumu na mtu kuingia chini. Tumia jeki ya mafuta yenye uwezo unaolingana na ekseli, kwenye sehemu iliyoonyeshwa na kitabu cha gari, juu ya sakafu ngumu, kisha weka stendi kabla hujaingiza hata mkono. Gari lenye mifuko ya hewa linaweza kushuka bila onyo mfuko ukitoa upepo. Na jihadhari na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye chasi kadhaa kubwa, hendibreki inashika propela shafti, si magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani linazunguka huru na gari linaweza kutembea ingawa hendibreki imevutwa. Weka vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma, kila mara.

Gurudumu likiwa hewani, simamisha tofali karibu na tairi, weka penseli juu yake ncha ikikaribia kugusa uso wa tairi, kisha zungusha taratibu. Nafasi kati ya ncha na tairi isibadilike sana. Ikibadilika zaidi ya milimita 2, tairi, rimu au jinsi vilivyofungwa ndiyo tatizo lako, na balansi haitakusaidia: kitu kinaweza kubalansiwa kikamilifu kikabaki na umbo la yai. Rudia penseli kwenye ukingo wa rimu yenyewe ili ujue ni nani mkosaji kati yao.

Hapo ndipo mimi niliumbuka. Gari lilianza kutetemeka baada ya tairi mpya. Nikabalansi tena mara mbili, nikanunua dampa ya stelingi, nikabadili tai-rodi endi (jointi za ncha za chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele) zote mbili. Bado. Siku nilipotoa gurudumu la kushoto kwa mkono wangu mwenyewe niliona duara la kutu juu ya habu, nene kama ganda la yai, limebaki nusu tu ya mzunguko. Nusu ya pili lilikuwa limebanduka tairi zilipobadilishwa na kuangukia kati ya habu na rimu. Rimu ilikuwa imebanwa juu ya kipande cha kutu, kwa hiyo ilikaa imeinama kidogo. Brashi ya waya, dakika ishirini. Niliendesha siku hiyohiyo hadi 100, usukani kimya. Zile tai-rodi endi mpya zimebaki kwenye gari kama kumbukumbu.

Kwa hiyo kabla ya kubalansi upya: toa gurudumu, safisha uso wa habu na uso wa rimu mpaka chuma kionekane, rudisha, na kaza nati kwa msalaba, si kwa kufuata duara, kwanza kwa mkono gurudumu likiwa hewani ili rimu ijitafutie katikati, kisha kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) likiwa limegusa chini. Kipimo kimo kwenye kitabu cha gari, na tofauti ni kubwa: van nyingi ziko chini ya Nm 250, wakati nati za M22 za rimu kubwa za inchi 22.5 zinazowekwa katikati na habu zinataka zaidi ya Nm 600. Bunduki ya upepo peke yake haipimi kitu. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 160.

Kama bado, ndipo balansi. Uliza kwanza kama mashine yao inashika rimu ya ukubwa wako na kuiweka katikati kwa namna ileile inavyokaa kwenye habu yako. Mashine ya magari madogo ikilazimishwa na koni isiyolingana itakuonyesha sifuri safi, na ukifunga gurudumu linatetemeka. Zipo pia mashine zinazolikandamiza tairi kwa rola wakati linazunguka, kama barabara inavyofanya. Hizo hugundua tairi lenye upande mgumu kuliko mwingine, jambo ambalo balansi ya kawaida haioni. Kwa tairi kubwa wengine huweka punje za balansi ndani. Zinafanya kazi, ila unyevu ukiingia na upepo wa kompresa punje hushikamana kuwa bonge, na bonge ni uzito mpya.

Jaribio la mwisho la nyumbani: hamisha tairi za mbele ziende nyuma, kama ni za kipimo kimoja na rimu zinaruhusu. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, umempata mkosaji. Ukibaki kwenye usukani, sasa una haki ya kutazama beringi na jointi.

Beringi: gurudumu likiwa hewani, shika juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukipotea kwenye breki, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini au boljointi, yaani kiungo ambacho gurudumu la mbele hugeukia. Ukisikia mkwaruzo ukizungusha, au habu ikiwa ya moto kuliko ya upande wa pili baada ya safari, gari lisirudi barabarani. Beringi ikivunjika gurudumu linaweza kutoka lote.

## Linadunda tangu mwendo wa chini, na linazidi kadiri unavyokwenda

Likidunda kwa kishindo laini, dufu dufu dufu, tangu kilomita 20, fikiria mambo mawili tu. La kwanza halina madhara makubwa: gari limesimama miezi na tairi zimepata bapa pale zilipogusa chini. Bapa la muda huondoka tairi likipata moto, kwa kawaida ndani ya nusu saa ya kuendesha. Lisipoondoka, limekuwa la kudumu. Ndiyo maana gari linaloegeshwa msimu mzima hujazwa upepo hadi kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa na kusogezwa kidogo kila baada ya wiki chache.

La pili ni mikanda ya chuma ndani ya tairi kuachana. Endesha 15 hadi 30 kwenye lami tambarare: mbele ya gari inatembea kama bata, inahama kushoto na kulia. Simama, kagua uso na mabavu ya tairi, upande wa ndani pia, kwa macho na kwa kiganja. Unatafuta nundu, kitambi, au sehemu ambapo mistari ya tairi imepinda ghafla.

Ukiikuta, safari imeishia hapo. Usiseme utakwenda polepole hadi kituo kinachofuata. Tairi la mbele la gari zito likipasuka linavuta gari upande huo kwa nguvu, na vipande vya mikanda vinaweza kukata mabomba ya breki na nyaya kwenye uwazi ulio juu ya gurudumu. Funga tairi la spea au ita gari la kuvuta.

Wakati umeinama hapo, soma umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Huenda zimo ubavu wa ndani tu. Magari haya husimama zaidi kuliko kutembea, kwa hiyo tairi huzeeka likiwa na meno yote na kumdanganya mwenye gari. Baada ya miaka 5 likaguliwe na fundi wa tairi kila mwaka. Miaka 10 ni mwisho hata kama linaonekana jipya, na kwa ekseli ya mbele mimi siendi karibu na hapo.

## Unatetemeka ukikanyaga breki tu

Diski. Gari likisimama muda mrefu, pedi huacha chapa ya kutu kwenye diski, na pale chini ya pedi diski hulika tofauti. Unene ukitofautiana kwa milimita 0.02 tu, mguu unasikia kwenye pedali na mikono kwenye usukani. Breki chache za nguvu ya wastani kwenye barabara tupu husafisha kutu nyepesi. Isipotoka, diski zipimwe kwa maikromita na kubadilishwa kwa jozi. Nati za tairi zilizokazwa bila uwiano nazo hupinda diski, kwa hiyo rudi kwanza kwenye spana ya toki.

Kuna na ndugu yake wa hila: mtetemo unaokuja baada ya dakika 20 au 30 bila kugusa breki, na gari linavuta upande mmoja. Hiyo ni kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama. Simama, usiguse chuma. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu, au tumia kipimajoto cha kuelekezea. Ya moto sana kuliko mwenzake ndiyo. Chanzo ni pini za kalipa zilizokauka, pistoni yenye kutu, au mpira wa bomba la breki uliovimba ndani kiasi kwamba mafuta yanaingia na hayarudi.

Harufu ya kuungua, moshi, au pedali inayozama: hapo huendeshi tena. Mafuta ya breki yakichemka yanapoteza nguvu yote kwa mara moja, na wewe una tani kadhaa mgongoni.

## Unatetemeka ukikanyaga mafuta, unatulia ukiachia

Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama Ducato, shuku jointi ya ndani ya driveshafti (chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele). Njia zilizomo ndani yake hulika, na mzigo ukiwa mkubwa, mlimani hasa, ekseli inatikisa gari zima ubavu kwa ubavu. Kagua buti za mpira kwanza; ikipasuka na grisi imerukia pembeni, hesabu jointi hiyo imekwisha. Jointi ya nje hulalamika kwa namna nyingine, inagonga ukikata kona. Maunting za injini (mipira inayoishikilia) zilizochoka hufuata.

Kwenye gari la kusukumwa na nyuma, nenda sehemu ifuatayo.

## Kiti na sakafu vinavuma, usukani umetulia

Si mbele, hata kama unakaa mbele. Chasi hizi ni ndefu, na propela yake imekatwa vipande viwili, vitatu, mara nyingine zaidi, kila kiungo kina krosi (jointi ya umbo la msalaba inayoruhusu propela kupinda) na katikati kuna beringi inayoning'inia kwenye mpira. Shika propela gari likiwa limezimwa na vigingi vimewekwa, izungushe kushoto na kulia: krosi isicheze hata kidogo. Kutu nyekundu kama unga kwenye vikombe vya krosi ni dalili ya krosi iliyokauka. Kama gari lilitoka gereji karibuni na mvumo ukaanza hapo, yumkini propela ilirudishwa ikiwa imepishana alama. Ncha zake mbili lazima zielekeane. Kubalansi propela ni kazi ya karakana yenye mashine. Na krosi iliyovunjika mbele huweza kuiangusha propela ikachimba lami, kwa hiyo mchezo ukiwepo usisafiri nao.

Magurudumu pacha ya nyuma nayo yakaguliwe, hasa la ndani ambalo hakuna anayelitazama, na jiwe lililonasa kati yao.

## Ukipita shimo, usukani unapigwa kushoto na kulia bila kukoma

Hii ni nyingine kabisa. Hapa si kutetemeka, unapigana na usukani. Hutokea zaidi kwenye magari yenye ekseli moja ngumu mbele, kama F-53. Shimo au kiungo cha daraja kinaanzisha, na magurudumu yanajirusha yenyewe.

Wakati linatokea: achia mafuta, shika usukani imara bila kushindana nao, acha mwendo ushuke. Usikanyage breki kwa nguvu. Likitulia, egesha na usiendelee kwa mwendo wa barabara kuu mpaka chanzo kipatikane.

Chanzo cha kwanza ni kulegea, na karibu kila mara ni kulegea kwa sehemu kadhaa kidogokidogo. Magurudumu yote yakiwa chini, injini inawaka, mtu mmoja akae ndani achezeshe usukani robo ya mzunguko kwenda na kurudi, wewe ukitazama ukiwa ubavuni mwa gari, si chini yake. Fuata nguvu inavyosafiri: bolti za boksi la stelingi kwenye chasi (je, boksi lenyewe linasogea?), mkono wake, drag-linki (chuma kinachotoka kwenye mkono huo kwenda gurudumuni), tai-rodi, kila kichwa cha jointi. Kitu kinachosogea kabla ya kinachofuata kusogea kina mchezo. Kisha kingipini, kama tulivyopima beringi.

Chanzo cha pili ni pembe ya kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, ukitazamwa ubavuni) kuhama kutoka kipimo chake, na hii mara nyingi inatokana na mizigo. Piga hesabu: kilo 300 zilizowekwa mita 3 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 5 kati ya ekseli, zinaondoa kilo 180 kutoka mbele. Pua inanyanyuka, kasta inabadilika, tairi za mbele zinashika kidogo. Tanki la maji, pikipiki kwenye kibebeo na sanduku la spana vyote vinapenda kukaa huko nyuma. Kwenye Chevrolet P30 za zamani ni kinyume: ndani ya springi za koili za mbele kuna mifuko ya hewa, na ikiisha upepo pua hushuka na pembe zote za magurudumu zinahama. Pima mifuko hiyo kabla ya kulipia alaimenti.

Dampa ya stelingi naiweka mwisho makusudi. Mpya na ngumu itazima dalili kwa miezi, huku jointi ikiendelea kulika chini yake. Ibadilishe kama imevuja mafuta, lakini baada ya kumaliza mchezo wote.

Kingipini, boljointi, boksi la stelingi na kasta si kazi ya kando ya barabara. Zinahitaji presi, vipimo na mashine ya alaimenti inayobeba gari refu.

## Vioo na dashibodi vinacheza, lakini gari limetulia

Upepo. Mikono mirefu ya vioo, turubai la ubavuni lisilofungwa sawasawa, ngazi ya nyuma, kifuniko cha tundu la paa. Rudi barabara hiyohiyo siku isiyo na upepo, au elekea upande wa pili kwa mwendo uleule. Mtetemo ukibadilika, chukua spana ndogo na ukaze vioo.

## Ukilipeleka kwa fundi

Mpe ile karatasi ya mwendo na mazingira, na namba ya mtetemo uliyoisoma kwenye simu, ikiwa ulipima. Usimwambie "naomba wili balansi", maana atakufanyia hiyo tu. Mwambie kinachotokea, umpakie, mwende mkaendeshe pamoja kabla hajaliinua gari, na mkalirudie baada ya kazi kwenye barabara ileile, mizigo ikiwa ndani na tanki la maji likiwa kama lilivyokuwa siku lilipokusumbua.